Neno la Mchungaji na Kura Elfu Moja: Uchaguzi wa Rais wa Mwaka 1884 katika Jimbo la New York

Utangulizi

Historia ya Kanisa, jinsi tunavyoifundisha vyuoni mwetu, hushughulika zaidi na mitaguso, maungamo ya imani, misioni na viongozi wake. Ni mara chache tunapochunguza yale ambayo watumishi wa Neno wamesema nje ya madhabahu, katika kumbi za siasa, na matunda yaliyotokana na maneno hayo. Hata hivyo mambo hayo nayo ni sehemu ya historia ya huduma yetu, na pengine ndiyo sehemu ambayo watu wa nje ya Kanisa huikumbuka zaidi.

Katika makala haya tunakusudia kutazama tukio moja la namna hiyo, yaani uchaguzi wa Rais wa Marekani wa tarehe 4 Novemba 1884, hasa ulivyokuwa katika jimbo la New York. Huko mshindi alimpita mshindwa kwa kura zipatazo elfu moja na mia moja kati ya kura zaidi ya milioni moja na laki moja, na kura hizo chache ziliamua ni nani ataitawala nchi nzima. Kwa muda mrefu lawama za kushindwa kule zimewekwa juu ya mzee mmoja, mchungaji wa Kipresibiteri aitwaye Samuel D. Burchard, kwa ajili ya maneno matatu aliyoyatamka siku sita kabla ya kupiga kura.

Wasomaji wetu wa Afrika ya Mashariki wanaujua mwaka 1884 kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa mwezi ule ule wa Novemba Carl Peters na wenzake walifika Unguja, wakaelekea bara kutafuta mikataba katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Na tarehe 15 mkutano wa Berlin ulifunguliwa. Tutaona mwishoni kwamba mambo haya mawili hayakuwa mbali kabisa. Lakini kwanza tuyafuate ya New York.

1. Utaratibu wa uchaguzi na uzito wa jimbo moja

Rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja kwa jumla ya kura za wananchi wote. Kila jimbo huwa na idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi, kwa kadiri ya uwakilishi wake katika Bunge, na kwa desturi iliyokwisha kuenea wakati ule, aliyeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, aliwachukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Mwaka 1884 wajumbe wote walikuwa 401, na mshindi alihitaji 201. New York peke yake ilikuwa na wajumbe 36, wengi kuliko jimbo lolote.

Nchi yenyewe ilikuwa imegawanyika karibu nusu kwa nusu. Majimbo ya Kusini, yaliyopigana vita dhidi ya serikali kuu kuanzia 1861 hadi 1865, yalikuwa mikononi mwa chama cha Democratic. Majimbo mengi ya Kaskazini yalikipenda chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, ambacho kilikuwa kimeshinda kila uchaguzi wa Rais tangu 1860. Yalibaki majimbo machache yasiyotabirika, na kubwa kuliko yote lilikuwa New York. Mwaka 1880 James Garfield wa Republican alikuwa amelichukua jimbo hilo kwa kura takriban 21,000. Kila chama kilijua kwamba atakayelipata safari hii ndiye atakayeingia Ikulu.

Tukumbuke pia namna kura zilivyopigwa. Wapiga kura walikuwa wanaume tu. Karatasi za kura hazikuchapwa na serikali, bali na vyama vyenyewe, na mtu aliichukua karatasi ya chama chake na kuitumbukiza mbele ya macho ya watu. Katika hali hiyo mwajiri, kiongozi wa mtaa na hata mchungaji aliweza kujua ni nani aliyempigia nani. Dhamiri ya mpiga kura haikuwa na pazia la kujifichia.

2. Wagombea wawili

Chama cha Republican kilimsimamisha James G. Blaine wa jimbo la Maine. Alikuwa amekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi tangu 1869 hadi 1875, na mwaka 1881 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alikuwa msemaji hodari aliyependwa sana na wafuasi wake. Lakini tangu 1876 alifuatwa na kashfa ya barua zilizoonyesha kwamba alikuwa amejinufaisha kwa hati za mikopo za kampuni ya reli iliyokuwa imepata msaada wa Bunge alipokuwa Spika. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu wenye heshima katika chama chake walikataa kumwunga mkono. Miongoni mwao alikuwamo Carl Schurz, Mjerumani wa kuzaliwa aliyekimbilia Marekani baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Kundi lao lilibandikwa jina la Mugwumps.

Kwa habari ya dini, Blaine alikuwa mtoto wa nyumba mbili. Baba yake alikuwa Mpresibiteri, mama yake Mkatoliki, na yeye mwenyewe alishiriki katika kanisa la Kikongregesheni. Mwaka 1875 alipendekeza badiliko la Katiba la kuzuia fedha za umma zisitumiwe kwa shule za madhehebu, na wengi walilielewa kuwa limelengwa kwa shule za Kikatoliki. Bunge la Wawakilishi lililipitisha mwaka 1876 kwa kura 180 dhidi ya 7, lakini katika Seneti halikupata theluthi mbili. Pamoja na hayo Blaine alitumaini kupata kura za Waayalandi wa New York, ambao karibu wote walikuwa Wakatoliki. Mama yake alikuwa wa asili yao na wa imani yao, na yeye mwenyewe alikuwa amejulikana kwa kuipinga Uingereza, nchi ambayo Waayalandi waliiona kuwa mdhalimu wao. Matumaini hayo hayakuwa ya bure. Tammany Hall, chombo chenye nguvu cha Democratic mjini New York, hakikumpenda mgombea wa chama chake.

Mgombea huyo alikuwa Grover Cleveland, Gavana wa New York, mtoto wa mchungaji wa Kipresibiteri. Alikuwa ameinuka kwa haraka ya ajabu. Mwaka 1882 alikuwa meya wa mji wa Buffalo, na mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa kuwa Gavana kwa kura zaidi ya 190,000 za ziada. Sifa yake ilikuwa moja, nayo ni uaminifu katika mali ya umma. Kwa hiyo kampeni yote ikaelekea kuwa swali la tabia ya mtu.

3. Buffalo: ushahidi wa mchungaji wa kwanza

Mwezi wa Julai 1884 gazeti moja la Buffalo lilichapisha habari kwamba Cleveland, kabla ya kuwa meya, alikuwa amezaa mtoto nje ya ndoa na mjane aitwaye Maria Halpin. Aliyesimama mbele kuitangaza habari hiyo alikuwa mchungaji wa Kibaptisti wa mji huo, George H. Ball. Cleveland hakukana. Aliwaagiza rafiki zake waseme kweli, na ikakubalika kwamba alikuwa amechukua wajibu wa kumtunza mtoto.

Mchungaji Ball hakuishia kwenye habari ambayo msingi wake ulikubalika. Aliongeza shutuma za ufisadi na ulevi ambazo wengine waliokwenda Buffalo kuchunguza hawakuzithibitisha. Hivyo watu waliotaka kumtetea Cleveland walipata njia rahisi: walionyesha uwongo wa sehemu, wakaitumia kufunika kweli iliyobaki. Huko Brooklyn, Henry Ward Beecher, mhubiri mashuhuri kuliko wote wa nchi ile, ambaye mwenyewe alikuwa amepita katika kesi ya uzinzi mwaka 1875 bila baraza la wazee kuafikiana, alimwunga mkono Cleveland kwa nguvu. Wachungaji wakawa pande zote mbili, kila mmoja akiwa na andiko lake.

Na mwanamke mwenyewe je? Baada ya kuzaa alikuwa ametenganishwa na mtoto wake, naye kwa muda akapelekwa katika hifadhi ya wagonjwa wa akili. Mtoto aliwekwa katika kituo cha yatima, kisha akalelewa na watu wengine. Mwishoni mwa Oktoba 1884 magazeti yalichapisha hati za kiapo zenye jina lake, zikisema kwamba alitendewa kwa nguvu bila ridhaa yake. Hati zile zilitokea katika joto la siku za mwisho za kampeni, upande mmoja ukazishika kama silaha, na upande wa pili ukazitupa kama hila. Katika kelele zote za wachungaji kuhusu usafi wa mgombea, ni vigumu kumwona yeyote aliyeuliza kwanza habari za mama yule na mtoto wake. Jambo hili hatuna budi kulitia moyoni, kwa maana tutalirudia.

4. Mkutano wa tarehe 29 Oktoba

Ikafika Jumatano ya tarehe 29 Oktoba. Blaine, akiwa amechoka kwa safari ndefu za kampeni, alikuwa katika hoteli ya Fifth Avenue mjini New York. Asubuhi ile mamia kadhaa ya wachungaji, karibu wote Waprotestanti, walikusanyika hapo ili kumhakikishia kwamba wanamwamini licha ya mashtaka ya adui zake. Nia yao haikuwa mbaya. Walitaka kuonyesha kwamba kati ya mtu wa Maine na mtu wa Buffalo, viongozi wa dini wanamchagua yule wa kwanza.

Burchard, mchungaji wa usharika wa Kipresibiteri wa Murray Hill, akiwa na umri wa miaka 72, alisema kwa niaba ya wenzake. Katika hotuba yake fupi alieleza kwamba wao ni watu wa Republican na hawakusudii kukiacha chama chao ili kujiunga na chama ambacho chanzo chake ni pombe, Uroma na uasi. Kwa Kiingereza maneno hayo matatu huanza kwa herufi moja, na kwa hiyo hushika masikioni kama kibwagizo.

Kila neno lilikuwa na shabaha yake. Pombe iliwalenga watu wa Democratic waliopinga sheria za kuzuia vileo. Uasi uliwalenga watu wa Kusini na vita vyao. Uroma uliwalenga Wakatoliki, nao mjini New York walikuwa ni Waayalandi kwa malaki, wale wale ambao Blaine alikuwa akiwabembeleza. Kwa pumzi moja imani ya mamilioni ya Wakristo iliwekwa katika safu moja na ulevi na uhaini.

Blaine alisimama kujibu, akashukuru, akayapita maneno yale. Wengine husema hakuyasikia, wengine kwamba aliyasikia lakini fikra zake zilikuwa katika hotuba yake mwenyewe. Lakini chama cha Democratic kilikuwa kimeweka mwandishi wa hati mkato mahali pale. Maandishi yake yalifikishwa kwa Arthur Pue Gorman, mmoja wa viongozi wa kampeni ya Cleveland, naye akatambua mara moja alichokipata. Vikaratasi vikachapwa kwa wingi. Jumapili ya tarehe 2 Novemba viligawanywa kwenye milango ya makanisa ya Kikatoliki watu walipokuwa wakitoka Misa, na baadhi yake viliyatia maneno yale kinywani mwa Blaine mwenyewe. Hivyo ushahidi wa uongo juu ya Wakatoliki ukajibiwa kwa ushahidi wa uongo juu ya Blaine.

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba, akiwa New Haven, Blaine alijitenga na maneno yale. Alisema kwamba hangeweza kuidharau imani ya kale ambayo mama yake aliishi na kufa ndani yake. Yalikuwa maneno mazuri, lakini siku tatu zilikuwa zimepita. Neno likisha kutoka halirudi, nalo kanusho hutembea kwa miguu ilhali uvumi umepanda farasi.

Kulikuwa na jambo la pili siku ile ile. Jioni ya tarehe 29 Blaine alikula chakula na matajiri wakubwa, Jay Gould akiwamo, katika mkahawa wa Delmonico's, wakati ambapo wafanyakazi wengi walikuwa katika dhiki ya kudorora kwa uchumi. Kesho yake gazeti la World la Joseph Pulitzer lilitoa katika ukurasa wa kwanza picha kubwa ya katuni ikiionyesha karamu hiyo kama karamu ya Belshaza, na familia maskini ikiomba makombo mbele ya meza. Mchoraji hakuhitaji kufafanua kitabu cha Danieli, wasomaji walikijua. Inafaa tutambue kwamba siku ile Biblia ilitumiwa na mchora katuni kwa ustadi kuliko ilivyotumiwa na mamia ya wachungaji.

5. Kura na hesabu

Jumanne ya tarehe 4 Novemba watu walipiga kura. Kusini nzima ilimpa Cleveland, sehemu kubwa ya Kaskazini ikampa Blaine, na kama ilivyotazamiwa macho yote yakageukia New York. Kwa siku kadhaa haikujulikana nani ameshinda. Ikavuma kwamba Jay Gould, aliyeimiliki kampuni ya simu za maandishi ya Western Union, alikuwa akichelewesha matokeo ili yapate kubadilishwa, na umati wenye hasira ukakusanyika mitaani. Hatimaye Gould mwenyewe alimpelekea Cleveland salamu za pongezi.

Hesabu rasmi ilipokamilika katikati ya mwezi, Cleveland alikuwa na kura 563,154 na Blaine 562,005. Tofauti ilikuwa kura 1,149. Vitabu vingine hutaja 1,047. Kwa wajumbe 36 wa New York, Cleveland alifikia 219 dhidi ya 182. Kama watu 575 tu wangaligeuza kura zao, Blaine angalikuwa Rais kwa wajumbe 218 dhidi ya 183. Blaine alikubali kushindwa, na nchi haikurudi vitani. Mwaka 1888 Cleveland alishindwa New York kwa kura zaidi ya 14,000 na kuondoka Ikulu, ingawa kwa jumla ya kura za nchi nzima alikuwa ameongoza. Mwaka 1892 akarudi. Katika karne iliyofuata hapakuwa na jimbo moja lililoamua jambo zito kwa tofauti ndogo hivyo mpaka Florida mwaka 2000, ambako tofauti ilikuwa kura 537.

6. Je, neno la Burchard ndilo lililoamua?

Tangu Novemba ile imezoeleka kusema kwamba Burchard alimnyima Blaine urais. Sisi tunaona kwamba mwanahistoria hana budi kusita hapa, na mwanatheolojia asite zaidi.

Pale tofauti inapokuwa kura elfu moja, kila sababu huonekana kuwa ndiyo sababu yenyewe. John P. St. John, Gavana wa zamani wa Kansas na mgombea wa chama cha kupiga marufuku pombe, alipata New York kura zipatazo 25,000, na wengi wa wapiga kura wake walikuwa Waprotestanti ambao kwa kawaida wangaliichagua Republican. Frances Willard na umoja wake wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi walikuwa wamepeleka ombi lao kwenye mkutano mkuu wa Republican, wakapuuzwa, na Willard akamwunga mkono St. John. Roscoe Conkling, Seneta wa zamani wa New York na adui wa Blaine tangu 1866, hakuinua mkono kumsaidia, na kaunti yake ya Oneida, iliyompa Garfield ushindi mwaka 1880, safari hii ilimpa Cleveland. Wako Mugwumps. Iko karamu ya Delmonico's. Tena iko mvua iliyosemwa kuwazuia wakulima wa kaskazini ya jimbo wasifike vituoni.

Zaidi ya hayo, wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba Blaine huenda alipata kura nyingi zaidi kwa Waayalandi kuliko wagombea wa Republican waliomtangulia. Ikiwa ndivyo, basi Burchard alipunguza faida, hakuleta hasara mpya. Tunaweza kusema kwa haki kwamba maneno yale yaliweza kugeuza watu 575. Hatuwezi kusema kwamba yao peke yao ndiyo yaliyofanya hivyo.

Kwa nini basi lawama zote zilimwendea yeye? Kwa sababu ilikuwa rahisi. Chama kilichokuwa kimetawala kwa zaidi ya miaka 20, kilichosimamisha mgombea mwenye doa la fedha, kilichowapuuza wapinga ulevi na kula karamu na matajiri, kilipata mbuzi wa Azazeli mwenye kanzu nyeusi. Wanasiasa huwaita wachungaji wawabariki, na mambo yakiharibika huwatwika dhambi za kambi nzima na kuwapeleka jangwani. Somo hili halikuisha na karne ya kumi na tisa.

7. Mafundisho kwa huduma yetu

Kwanza, hatia ya neno haipimwi kwa matokeo yake. Hata kama Burchard hakugeuza kura hata moja, alikuwa amemshuhudia jirani yake uongo. Amri ya nane, kwa hesabu ya Katekisimo ya Luther, haitudai tu kuacha kusingizia; inatudai kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande wa wema. Mwayalandi aliyebeba matofali wiki nzima na kwenda Misa Jumapili hakuwa mlevi wala mwasi kwa sababu ya kwenda Misa. Na kwa upande wa pili, hata kama maneno yale kweli yaliuangusha uchaguzi, dhambi yake haikuwa kumwangusha Blaine. Mchungaji anayejutia maneno yake kwa sababu yalikigharimu chama kura bado hajaanza kutubu. Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, hakutuambia tuupime moto wa ulimi kwa ukubwa wa msitu ulioungua.

Pili, tusi huzika haki. Neno la tatu la Burchard, uasi, liligusa jambo lililostahili kusemwa. Katika majimbo ya Kusini raia weusi, waliokuwa wamewekwa huru na kupewa haki ya kura baada ya vita, walikuwa wakizuiwa kupiga kura kwa vitisho na mauaji, na ushindi wa Kusini nzima kwa Cleveland haukuweza kutenganishwa na udhalimu huo. Miongoni mwa watu hao wapo waliohofia kwamba ushindi wa Democratic ungerudisha utumwa wenyewe. Kama wachungaji wale mamia wangalisimama kudai kwamba kila raia apige kura kwa amani, wangalitimiza wajibu wa kinabii, liwe liwalo kwa Blaine. Badala yake kilio cha haki kilifungwa katika kibwagizo cha dharau, kikapotea. Mwenye kusema juu ya dhuluma kwa lugha ya kebehi humpa mdhalimu mlango wa kutokea, maana mjadala hugeuka kuwa juu ya kebehi.

Tatu, habari ya Buffalo hutuonya juu ya kweli isiyo na upendo na isiyo na mipaka. Luther katika Katekisimo Kubwa anatofautisha kuijua dhambi ya mtu na kuihukumu, naye anawaelekeza waumini kwenye utaratibu wa Mathayo 18 kabla ya kuyapeleka mambo hadharani. Dhambi iliyo ya wazi yaweza kukemewa wazi, na kiongozi wa umma hawezi kudai kinga. Lakini Ball alipochanganya alichokijua na alichokisikia tu, aliiharibu hata ile sehemu iliyokuwa kweli. Tena swali la kichungaji lilikuwa: ni nani aliyeumizwa, naye yuko wapi? Kanisa likitumia jeraha la mwanamke kama silaha dhidi ya mgombea, kisha likamwacha pale lilipomkuta, limemtumia mara ya pili.

Nne, Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 16 linakiri kwamba utawala halali ni kazi njema ya Mungu, na Mkristo aweza kuushiriki bila hatia. Kifungu cha 28 kinatuonya tusichanganye mamlaka ya Injili na mamlaka ya upanga. Wachungaji wa Fifth Avenue walikuwa raia, na kama raia walikuwa na haki ya kumchagua Blaine. Wapiga kura 25,000 wa St. John nao walikuwa na haki ya kuifuata dhamiri yao, na hatuoni kwamba walistahili kulaumiwa kama wasaliti. Lakini wachungaji wale hawakukusanyika kama raia. Walikuja kama wachungaji, wakaleta uzito wa ofisi kukitukuza chama, na neno la mmoja wao likahesabiwa kuwa neno la wote. Ndivyo ilivyo hata leo. Mchungaji anayepewa kipaza sauti katika mkutano wa siasa hawezi kuivua ofisi yake mlangoni kama koti. Watu humsikia akiwa ndani yake.

Hitimisho

Tulisema kwamba mambo ya New York hayakuwa mbali kabisa na yetu. Serikali ya Marekani ilipeleka wajumbe wake Berlin, nao wakashiriki katika mapatano kuhusu Afrika. Cleveland alipoingia Ikulu Machi 1885 alikataa kuyapeleka mapatano hayo katika Seneti yathibitishwe, kwa kuwa hakutaka nchi yake ifungwe na ahadi za mbali. Uamuzi huo haukuuzuia ukoloni, wala Usagara haikuepuka Peters. Lakini unatuonyesha jinsi kura mia chache za mji wa mbali zinavyoweza kugusa barua zinazoandikwa juu ya nchi za watu wasiojua hata jina la mji huo.

Burchard alifariki mwaka 1891, baada ya utumishi mrefu wa kuhubiri, kubatiza na kuzika. Karibu yote aliyoyafanya kwa uaminifu yamesahauliwa, na maneno matatu yamebaki. Kwa wanafunzi wetu wanaojiandaa kubarikiwa, na kwetu sisi tuliokwisha kuwekewa mikono, jambo hili latosha kutufanya tupange maneno yetu mapema kabla ya kusimama mbele ya wakuu. Ikiwa tumeitwa kusema juu ya haki ya maskini, tuseme bila hofu. Ikiwa tumeitwa tu kupamba meza ya mgombea, ni afadhali siku hiyo twende tukawatembelee wagonjwa.